Asiyekubali Kushindwa: Lugha ya Vyama Unguja na Pemba Baada ya Chaguzi za 1957 na 1961

1. Utangulizi

Neno siasa lina historia ambayo aghalabu husahauliwa. Kamusi za Kiswahili zilizotungwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili zililieleza, pamoja na maana ya uendeshaji wa mambo ya nchi, kuwa ni upole, uangalifu na utaratibu. Kutenda jambo kwa siasa kulikuwa kulitenda bila papara. Lakini huko Unguja na Pemba watu wanapotaja zama za siasa huwa hawakusudii upole hata kidogo. Hukusudia kipindi maalumu, yaani miaka iliyoanzia uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957 na kukomea kwenye Mapinduzi ya Januari 1964. Miaka ambayo jirani aliacha kumzika jirani yake, na mnunuzi akauliza kwanza chama cha mwenye duka kabla hajauliza bei ya sukari. Neno lililokuwa la utulivu likageuka jina la ugomvi.

Makala haya yanakusudia kuchunguza mageuzi ya namna hiyo katika lugha ya vyama baada ya chaguzi za 1957 na 1961. Yafaa isemwe mapema kwamba si maneno yaliyozaa uhasama ule. Ardhi, mikarafuu, daraja za jamii na utaratibu wa serikali ya kikoloni wa kuwagawa watu kwa makabila vilikuwa na mizizi mirefu zaidi. Hata hivyo, yapo maelezo ambayo mwanahistoria wa ardhi hawezi kuyatoa peke yake. Kwa nini watu waliozoea kushindana, tena kwa maneno makali, wakashindwa kuishi pamoja baada ya kushindana kwa kura? Hoja ya makala haya ni kwamba vyama viliazima silaha za mashindano ya kale ya Waswahili, yaani vijembe, mafumbo na majina ya kubandikana, lakini havikuziazima sheria zake. Sheria hizo zilikuwa mbili: kumsikiliza mpinzani, na kukubali kwamba shindano lina mwisho.

2. Desturi ya kushindana

Jamii za Waswahili hazikuwa ngeni kwa upinzani. Miji mingi ya pwani iligawanyika kwa mitaa iliyoshindana kwa karamu, kwa mavazi na kwa ngoma. Mapema katika karne ya 20 beni iligawa vijana wa Mombasa kuwa wa Kingi na wa Scotchi. Na ilipoenea hadi Tanganyika makundi yakajulikana kwa majina ya Marini na Arinoti. Neno chama lenyewe, kabla halijawa la wagombea, lilikuwa la watu wa ngoma na wa kusaidiana. Wanawake nao walikuwa na vyama vya lelemama, na mwenye kutaka kujua jinsi Kiswahili kinavyoweza kuumiza bila ya kutukana alikwenda huko akasikilize.

Katika ushairi desturi hiyo ilikuwa imara zaidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipolumbana na washairi wa Lamu katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, miji yao ilikuwa katika uhasama wa kweli, wa silaha na wa damu. Hata hivyo malumbano yalikuwa na adabu yake. Mwenye kujibu alilazimika kulichukua neno la mwenzake, alifumbue fumbo lake, aghalabu afuate bahari ileile na vina vilevile, kisha ndipo alipindue. Mjibu asiyesikiliza vyema hakuweza kujibu. Na jibu lisilogusa swali lilikuwa aibu ya mtungaji, si ya anayejibiwa. Kwa hivyo hata tusi, likiwa la kishairi, lilikuwa ushahidi kwamba mtukanaji amemsikia mtukanwaji.

Sheria ya pili ilihusu mwisho. Kundi lililozidiwa msimu huu lilijiandaa kwa msimu ujao. Methali isemayo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani haikukusudiwa kumliwaza aliyeshindwa tu. Ilieleza sharti la kuingia uwanjani. Asiyeweza kushindwa hana haki ya kushindana, kwa kuwa atageuza mchezo kuwa vita.

Si haki kuipamba desturi hii kupita kiasi. Ngoma ziliwahi kuzua ugomvi wa magongo, na vijembe vingine viliacha vinyongo vya miaka. Lakini palikuwa na mpaka uliojulikana, na aliyeuvuka alijulikana kuwa ameuvuka.

3. Uchaguzi wa 1957 na yaliyofuata

Chama cha Zanzibar Nationalist Party, kwa ufupi ZNP, kiliundwa Desemba 1955. Asili yake ilikuwa chama cha wanakijiji wa Kiembe Samaki walioingia katika mgogoro na serikali mwaka 1951 kwa ajili ya kudungwa sindano ng'ombe wao, mgogoro uliojulikana kwa jina la Vita vya Ng'ombe. Jina la chama hicho cha awali lilianza kwa neno la Kiarabu hizbu, lenye maana ya chama tu, na watu wakaendelea kuwaita wafuasi wa ZNP Hizbu. Upande wa pili, Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana Februari 1957 zikazaa Afro-Shirazi Union, baadaye Afro-Shirazi Party au ASP, chini ya Abeid Karume.

Uchaguzi wa Julai 1957 ulikuwa wa viti 6 tu, na wapiga kura walikuwa wanaume waliotimiza masharti ya umri na mali au elimu. ZNP haikupata hata kiti kimoja. Ali Muhsin, kiongozi wake mashuhuri, alishindwa vibaya na Karume huko Ng'ambo. Kwa kipimo cha mashindano ya kale, hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema tutaonana msimu ujao. Mambo hayakwenda hivyo.

Kwanza ilivunjika ahadi ya shambani. Katika Unguja na Pemba mwenye mikarafuu na mwenye kulima chini yake aghalabu walikuwa watu wawili tofauti. Mkulima aliruhusiwa kujenga nyumba na kupanda muhogo na mazao mengine ya msimu kati ya miti. Naye, kwa kulima kwake, aliliweka shamba safi. Hapakuwa na hati wala kodi, na mkulima hakupanda mti wa kudumu kwa kuwa mti ni dai. Yote yalisimama juu ya maneno ya heshima kati ya watu wawili. Baada ya uchaguzi baadhi ya wenye mashamba waliwafukuza wakulima walioiunga mkono Afro-Shirazi. Mkataba uliokuwa wa mdomo ulivunjwa kwa mdomo.

Jibu lilikuja dukani. Wafuasi wa Afro-Shirazi waligomea maduka ya Waarabu na kuanzisha ya kwao wenyewe. Mabasi yakawa na vyama. Kisha mgawanyiko ukafika mahali ambapo desturi ya Kiislamu haikuruhusu ufike: msikitini na makaburini. Watu wa chama kimoja waliacha kuhudhuria maziko ya watu wa chama cha pili. Kwa jamii ambayo hata mahasimu wa ngoma walibeba jeneza pamoja, hili lilikuwa jambo jipya, na ndilo linalobainisha tofauti kati ya ushindani na utengano.

Lugha iliufuata utengano huo na kuurahisishia njia. Wafuasi wa ZNP walipoitwa Hizbu, neno lisilo na ubaya wowote katika asili yake lilitamkwa kwa namna ya tusi. Wafuasi wa Afro-Shirazi nao walibandikwa jina la gozi, neno ambalo kwa sarufi ni ngozi iliyokuzwa, na ukuzaji katika Kiswahili aghalabu hubeba dharau. Yafaa kutambua tofauti kati ya majina haya na yale ya beni. Kingi na Scotchi ni majina ambayo watu walijichagulia wenyewe, wakajivunia, na waliweza kuyavua ngoma ilipokwisha. Jina la kubandikwa halivuliki. Aliyeitwa gozi aliitwa hivyo sokoni, kisimani na kazini, na mwanawe aliitwa hivyo hivyo njiani.

Magazeti yalizidisha hali hiyo. Mwongozi liliisemea ZNP na Afrika Kwetu liliusemea upande wa Waafrika, na kadiri miaka ilivyopita vijigazeti vingine vikaongezeka. Kwa juu juu, majibizano ya magazeti yalifanana na malumbano ya washairi: shambulio, jibu, na jibu la jibu. Lakini sharti la malumbano lilikuwa limeondolewa. Msomaji wa gazeti moja hakuhitaji kulisoma la pili, na mwandishi hakuhitaji kulichukua neno la mpinzani jinsi lilivyosemwa. Ilitosha kueleza kile ambacho watu wa aina ile husema siku zote. Mpinzani aliacha kuwa mtu wa kujibiwa akawa kisa cha kusimuliwa.

4. Mgeni na mwenyeji

Neno lililobeba mzigo mzito kuliko yote halikuwa tusi. Lilikuwa neno mgeni.

Katika Kiswahili mgeni ni mtu mwenye haki. Methali humkaribisha ili mwenyeji apone. Nyingine humpa siku mbili za kukaa, na siku ya tatu jembe. Methali hii ya pili hutajwa mara nyingi kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu, lakini inasema zaidi ya hapo. Inasema kwamba ugeni una ukomo, na kwamba anayeshika jembe pamoja na wenyeji ameanza kuwa mmoja wao. Ugeni, kwa maana hiyo, ulikuwa hali ya kupita, wala haukuwa damu.

Pwani yote ilijengwa juu ya wazo hilo. Watu walikuja kutoka bara, Hadhramaut, Omani, Ngazija na kwingineko, wakaoa, wakalima, wakazika, na wajukuu wao wakawa wenyeji. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyotaka kila mtu awe na asili moja isiyobadilika. Athari yake yaonekana katika hesabu za watu. Mwaka 1924 zaidi ya watu 30,000 katika visiwa hivyo walijiandikisha kuwa ni Waswahili. Mwaka 1931 walibaki kama 2,000, na ilipofika 1948 jina hilo lilikuwa karibu limetoweka katika hesabu. Watu hawakuwa wamehama. Walikuwa wamehamisha majina yao, wakawa Washirazi, Waafrika au Waarabu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, chakula cha mgao kilipogawanywa kwa kufuata asili, ilidhihirika kwamba jina la kabila lilikuwa pia kadi ya mchele.

Kwa hivyo uchaguzi ulipokuja, swali la nani atawale liligeuka haraka kuwa swali la nani ni mgeni. Kabla ya kura za 1957 kupigwa, haki ya Karume ya kugombea ilipingwa mahakamani kwa hoja kwamba hakuzaliwa Unguja. Mahakama iliitupa hoja hiyo, lakini maneno hayakutupwa. Baada ya uchaguzi ZNP iliendelea kuudhihaki ushindi wa Afro-Shirazi kuwa ni ushindi wa watu wa bara, wageni wasioijua nchi wala dini yake. Afro-Shirazi nao walijibu kwa neno lilelile: kwamba mgeni ni Mwarabu, aliyekuja kwa jahazi akafanya watumwa, na ambaye siku moja atarudi alikotoka.

Pande zote mbili, kwa hakika, zilikubaliana. Zote zilikubali kwamba nchi ina wenyewe, kwamba asiye mwenyewe hana haki, na kwamba asili hairekebishiki kwa jembe wala kwa vizazi. Zilitofautiana tu kuhusu nani awekwe upande gani wa mstari. Na hapa ndipo sheria ya mwisho wa shindano ilipovunjika kabisa. Mshindani aliyeshindwa anaweza kushinda kesho. Mgeni hawezi kushinda kesho. Anaweza tu kuondoka. Pale mpinzani anapoitwa mgeni, kushindwa naye hakuwi tena kushindwa katika uchaguzi, bali huwa kunyang'anywa nchi. Na hapana mtu anayetakiwa akubali kunyang'anywa nchi kwa adabu.

5. Mwaka 1961

Palikuwa na jitihada za kurudi nyuma. Mwaka 1958, kwa usuluhishi wa PAFMECA, umoja wa vyama vya ukombozi uliozaliwa Mwanza mwezi Septemba mwaka huo, viongozi wa pande mbili walikaa katika kamati moja na ukali ukapungua kwa muda. Lakini amani hiyo ilikuwa ya viongozi, na hata wao haikuwadumu. Mwishoni mwa 1959 Afro-Shirazi wenyewe walipasuka, na Muhammed Shamte na wenzake wakaunda Zanzibar and Pemba People's Party, ZPPP.

Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa wa viti 22. ASP ilipata 10, ZNP 9 na ZPPP 3; kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja tu. Wajumbe wa ZPPP nao wakagawanyika, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11. Hapana aliyeweza kuunda serikali. Nchi ikaingia miezi mitano ya kampeni nyingine juu ya majeraha ya ile ya kwanza, na kiti cha 23 kikaongezwa.

Uchaguzi wa pili ulifanyika tarehe 1 Juni 1961. ASP na ZNP zilipata viti 10 kila kimoja, na ZPPP, kwa viti vyake 3, ikaungana na ZNP. Shamte akawa Waziri Kiongozi. ASP ilikuwa imepata karibu nusu ya kura zote. Lakini kabla ya hesabu kujulikana damu ilikuwa imekwisha kumwagika. Fujo zilianza mjini siku ileile ya kupiga kura, katika vituo vya kura, kwa madai ya udanganyifu, zikaenea mashambani kwa siku kadhaa. Watu 68 waliuawa na mamia wakajeruhiwa. Hali ya hatari ilitangazwa, na tume chini ya Sir Stafford Foster-Sutton ikawekwa kuchunguza.

Yapo mambo ya kuzingatiwa katika orodha ya waliokufa. Walio wengi walikuwa Waarabu, na wengi kati ya hao hawakuwa wenye mashamba makubwa wala wakubwa wa chama. Walikuwa Wamanga, watu waliotoka Omani karibuni, wenye vijiduka na kazi za vibarua huko mashambani, waliokuwa maskini kama majirani zao. Bwana wa mikarafuu mia tano hakupatikana na panga. Aliyepatikana ni muuza chumvi. Hapa uwezo wa neno waonekana wazi. Ugomvi wa ardhi ungemtafuta mwenye ardhi. Ugomvi wa kura ungemtafuta mgombea. Ni ugomvi wa wageni tu uliomtafuta yule aliyekuwa mgeni kuliko wote, na ambaye kwa hiyo alikuwa dhaifu kuliko wote.

Uchaguzi wa Julai 1963 ulirudia somo lilelile: ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31, ilhali ZNP na ZPPP kwa pamoja walichukua 18 na serikali. Utaratibu wa uchaguzi uliowapa wachache wa kura wingi wa viti ulikuwa kasoro ya sheria, na ungeweza kurekebishwa kwa sheria. Lakini kwa watu waliokwisha kufundishwa kwa miaka sita kwamba upande wa pili ni wa kuja, kasoro hiyo haikusomeka ila kwa namna moja. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Katika siku zilizofuata waliuawa watu wengi mno kuliko wale 68.

6. Urithi wa maneno

Maneno ya zama za siasa hayakuzikwa na vyama vilivyoyazaa. Vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992, neno Hizbu lilirudi pamoja navyo, likitupiwa watu ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa ZNP ilipopigwa marufuku. Uchaguzi wa 1995, ambao kwa mujibu wa matokeo rasmi Salmin Amour alimshinda Seif Sharif Hamad kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, ulifuatwa huko Pemba na visa vile vile vya 1957: maziko ya kususiana na maduka ya kubaguana.

Jambo lenye kutia moyo ni kwamba lugha ilitoa pia maneno ya kutokea. Muafaka wa 1999 na wa 2001, kisha Maridhiano ya 2009, yalileta katika siasa istilahi zilizotoka katika maisha ya nyumbani na ya mahakama ya kadhi. Kuridhiana si kushinda wala kushindwa. Ni kila mmoja kuridhia. Tarehe 31 Julai 2010 wapiga kura waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66.4. Kufutwa kwa uchaguzi wa Oktoba 2015 kulionyesha kwamba neno jema peke yake halitoshi pasipo taratibu za kulilinda.

Wasomi wa Kiswahili nchini Kenya hawana sababu ya kuyatazama haya kama mambo ya ng'ambo ya bahari. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua watu zaidi ya 1,100, zililipa neno la kawaida, madoadoa, maana ambayo hapana kamusi iliyokuwa imeiandika: watu wa jamii nyingine wanaoishi mahali pasipo pao. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotoa orodha ya maneno ya uchochezi, liliwamo madoadoa na liliwamo wakuja. Umbali kati ya wakuja na mgeni wa 1957 ni mdogo sana. Ni wazo lilelile katika kanzu nyingine: kwamba jembe halimfanyi mtu mwenyeji.

7. Hitimisho

Imedhihirika katika makala haya kwamba ukali wa maneno si kipimo cha kutovumiliana. Vijembe vya lelemama na mishale ya Muyaka vilikuwa vikali kuliko hotuba nyingi za 1957. Kipimo ni kama neno linamwachia mpinzani nafasi ya kujibu leo na nafasi ya kushinda kesho. Neno linalomziba mpinzani mdomo, na kumnyima kesho yake, hata likiwa neno pole kama mgeni, ni la hatari kuliko tusi la uwanjani.

Hapo pana kazi kwa wataalamu wa lugha. Orodha za maneno ya marufuku zina faida yake, lakini maneno huhama. Likizuiwa moja, maana yake hukimbilia jingine. Lenye kufaa zaidi ni kufundisha upya desturi iliyokuwamo katika ushairi na katika ngoma za Waswahili, si kwa ajili ya mitihani tu, bali kama elimu ya uraia: kwamba kujibu ni kusikia kwanza, na kwamba anayeingia shindanoni ameshakubali, kabla kura ya kwanza haijapigwa, kwamba huenda akashindwa, na kwamba kesho yake atakwenda kumzika jirani aliyemshinda.